Kwa Nini Tujenge Kituo cha Utafiti wa Mifupa na Viungo?

Katika mkutano wa kamati za parokia na sharika uliofanyika mapema mwaka huu, tulisoma mbele ya wajumbe pendekezo la kuanzisha kituo kidogo cha utafiti wa magonjwa ya mifupa na viungo katika ukanda ulio chini ya Mlima Meru. Tulijiandaa kwa maswali ya fedha. Swali la kwanza halikuwa la fedha. Mama mmoja, ambaye ni katibu wa kamati yake, alisimama akasema: "Mimi nina mjukuu ambaye magoti yake yanagongana akitembea. Ninyi mnataka kujenga nyumba ya kuandika habari zake. Kwa nini fedha hizo zisimpeleke hospitali akanyooshwe miguu?"

Hatukuwa na jibu la kutosha siku ile. Mwenyekiti aliahidi kwamba jibu litatolewa katika jarida hili, ili wajumbe walisome na wafadhili wetu walisome pia, kwa kuwa baadhi yao wametuandikia wakiuliza jambo lile lile kwa maneno mengine. Makala hii inajaribu kutimiza ahadi hiyo.

Maji yanavyofika mfupani

Wengi wetu tunaoishi kati ya Arusha na Usa River tunaifahamu floraidi kwa meno. Mtu wa kwetu akienda Dar es Salaam akacheka, wenyeji wanajua ametoka kaskazini. Meno ya kahawia yamekuwa kama kitambulisho, na vijana wengine wamejifunza kucheka wakiwa wamefunika mdomo kwa mkono. Lakini meno ni dalili inayoonekana tu. Madini yale yale yanayochafua meno yanaingia pia kwenye mifupa, na huko hayaonekani mpaka miaka imepita.

Chanzo chake ni mlima wenyewe. Meru ni volkano, na miamba yake pamoja na majivu ya zamani ina floraidi nyingi. Maji ya mvua yanapozama ardhini yanaiyeyusha na kuichukua. Katika nchi ambazo maji yana chokaa nyingi, chokaa hiyo huikamata floraidi na kuifanya itue chini. Maji yetu yana magadi mengi na chokaa kidogo, kwa hiyo floraidi hubaki ndani ya maji mpaka kwenye ndoo. Katika maziwa ya Momella, yaliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, vipimo vilivyochapishwa vimefikia miligramu 690 kwa lita. Hakuna anayekunywa maji ya ziwa hilo, ila takwimu hiyo inaonyesha kilichomo katika ardhi tunayoikanyaga. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Tanzania haikuanza na kiwango hicho. Mwaka 1974 viwango vya muda vya maji ya vijijini viliruhusu hadi miligramu 8, kwa sababu kama sheria ingekuwa kali zaidi vijiji vingi vingebaki bila chanzo halali hata kimoja. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, na mwaka 2018 kikashushwa hadi 1.5. Hatusemi hivyo kwa kulaumu. Waliopanga kiwango cha 8 walikuwa wakichagua kati ya floraidi na kiu. Lakini ina maana kwamba watu wazima wengi wa eneo letu walikua wakinywa maji ambayo siku hizi yasingepitishwa, na mifupa yao inayo kumbukumbu ya maji hayo.

Ndani ya mfupa mambo huenda hivi. Mfupa umejengwa kwa madini ya kalsiamu na fosfeti. Floraidi huingia ndani ya madini hayo na kuchukua nafasi ya sehemu yake ndogo. Mfupa unakuwa mzito kuliko kawaida na kwenye picha ya eksirei huonekana mweupe zaidi, hata mtu angedhani umeimarika. Kumbe umekuwa kama kigae, mgumu lakini hauvumilii kupindwa. Baadaye kano zinazounganisha mfupa na mfupa nazo huanza kujaa madini na kukakamaa. Shingo haigeuki, mgongo hauinami, na katika hali mbaya neva zinazopita katika uti wa mgongo hubanwa mpaka miguu ikapoteza nguvu. Kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani, dalili za mifupa huweza kuonekana pale maji yanapokuwa na miligramu 3 hadi 6 kwa lita, na ulemavu mkubwa pale yanapozidi 10, kwa watu walioyanywa kwa miaka mingi.

Kwa watoto ugonjwa huja kwa sura nyingine. Mfupa wa mtoto bado unajengwa, na akiwa hapati kalsiamu ya kutosha katika chakula, floraidi huuharibu ujenzi wenyewe. Miguu hupinda kwa nje kama upinde, au magoti huingia ndani na kugusana, au mguu mmoja huelekea huku na mwingine kule.

Mzee mwenye mgongo uliokakamaa huambiwa ana baridi yabisi, au ni uzee. Mtoto mwenye miguu iliyopinda huambiwa alisimamishwa mapema, au alibebwa vibaya mgongoni. Hivyo kila mmoja anapewa jina lake la ugonjwa, na maji hayatajwi.

Kosa letu wenyewe

Kabla ya kueleza kituo, inatupasa tueleze kisima. Miaka kadhaa iliyopita tulichimba kisima kirefu kwa mashine katika kijiji kimoja cha tambarare. Wafadhili walikuwa wametoa, wanakijiji walikuwa wamechimba mtaro kwa mikono yao, na kina mama walikuwa wakiamka saa kumi usiku kwenda mtoni. Maji yalipopatikana yalipimwa vijidudu, yakaonekana safi. Floraidi haikupimwa. Fundi alisema sampuli italazimika kupelekwa mjini na majibu yatachelewa, nasi tukakubali iachwe kwa kuwa siku ya uzinduzi ilikwisha kupangwa na wageni walikwisha kukata tiketi. Picha ya siku ile ilitoka katika ukurasa wa kwanza wa jarida hili.

Miaka minne baadaye mwalimu wa shule ya kijiji hicho alituletea chupa ya maji. Majibu yalikuwa zaidi ya mara nne ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Watoto waliozaliwa mwaka wa uzinduzi walikuwa wakijiandaa kuingia chekechea.

Tuliweka kibao kinachosema maji yale ni ya kufulia na ya mifugo. Tulisaidia shule kupata tangi la kuvuna maji ya mvua, ambayo hayana floraidi ya kutia hofu. Lakini tangi la shule halitoshi kijiji, mto uko mbali, na maji ya mto yana magonjwa yake ambayo huua mtoto kwa siku mbili badala ya kumlemaza kwa miaka kumi. Watu wanaendelea kunywa maji ya kisima, na sisi tungekuwa wao tungekunywa pia. Jambo hili halijawahi kuandikwa humu kabla ya leo. Tumeona kwamba hatuwezi kuwaomba wajumbe wachangie utafiti huku tukiwaficha kilichotufundisha kuuhitaji.

Madaftari mawili yasiyokutana

Mtu anaweza kusema kwamba kosa lile lingezuiwa na kipimo kimoja tu, bila kituo chochote. Ni kweli. Lakini kupima maji ni nusu ya kazi. Tatizo lenyewe ni kwamba habari za maji zinawekwa mahali pamoja na habari za mifupa mahali pengine.

Upande wa maji kuna kazi kubwa iliyokwisha kufanyika. Serikali ilijenga kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi pale Ngurdoto, na mwezi wa Oktoba mwaka 1995 wataalamu kutoka nchi mbalimbali walikutana hapo katika warsha ya kwanza ya kimataifa ya kuzuia ugonjwa huu na kusafisha maji yenye floraidi. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha nayo imekuwa ikitafuta njia za kuchuja maji haya. Upande wa mifupa ipo hospitali ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ambako tangu mwaka 1981 kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vyuma vya miguu. Na Arusha kuna nyumba ya watoto iliyoanza mwaka 2008 kwa jina la Plaster House, baadaye ikaitwa Kafika House, ambako watoto waliofanyiwa upasuaji hukaa mpaka lile plasta gumu, yaani hogo, litolewe na wajifunze kutembea upya.

Sasa angalia faili la mgonjwa. Linaandika jina, umri, kabila wakati mwingine, na kijiji. Haliandiki bomba. Na katika kijiji kimoja cha kwetu kunaweza kuwa na chemchemi, kisima kirefu na bomba la mserereko linalotoka mlimani, ambavyo floraidi yake inatofautiana sana. Daktari anaona miguu hamsini iliyopinda lakini hajui ilinywa maji gani. Mtaalamu wa maji anaona namba kubwa katika kitabu chake lakini hajui ni mtoto gani anayakunywa. Wapo watafiti waliokuja wakaunganisha mambo haya mawili kwa muda, wakaandika kazi nzuri, wakarudi vyuoni kwao. Mtoto aliyepimwa akiwa na miaka sita hana tena anayemuuliza hali akiwa na miaka kumi na sita.

Kituo tunachokiomba, ukiondoa maneno makubwa ya kwenye andiko la mradi, ni chumba ambamo madaftari hayo mawili yanafunguliwa juu ya meza moja, mbele ya mtu ambaye hatahama.

Yule mama alisema kuhusu mjukuu wake. Tuchukue basi mambo matatu ambayo daktari wa mjukuu huyo angependa kuyajua.

La kwanza, je, ni floraidi kweli? Miguu iliyopinda ina sababu kadhaa. Mtoto aliyekosa vitamini D au kalsiamu hupata matege ambayo kwa macho yanafanana sana na haya, na akiwa bado mdogo anaweza kunyooka kwa dawa na chakula bila kisu. Yapo pia magonjwa ya figo na ya kurithi yanayopinda mifupa. Kutofautisha kunahitaji eksirei inayosomwa na mtu aliyezoea, kipimo cha damu, na kipimo cha maji ya nyumbani. Ukimkata mfupa mtoto ambaye angepona kwa vidonge na maziwa, umemwonea.

La pili, kwa nini yeye na si dada yake, ingawa wanachota ndoo moja? Pengine mmoja alinyonya muda mrefu zaidi, kwa kuwa maziwa ya mama yana floraidi ndogo sana hata pale mama anapokunywa maji mabaya. Pengine ni chakula. Hapa tunawaomba kina mama watusikilize vizuri, kwa sababu jambo hili liko jikoni na si kisimani. Yale magadi tunayotia kwenye maharage na kande ili yaive haraka yana floraidi pia. Watafiti wa meno hapa nchini walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba watoto wa mahali ambapo maji hayana floraidi nyingi waliweza kuwa na meno yaliyoharibika, na magadi yakahusishwa. Kwa hiyo familia inaweza kuhamia kwenye bomba zuri na bado ikaila floraidi kila jioni.

La tatu ndilo zito. Mtoto akinyooshwa miguu, kisha akarudi nyumbani kunywa maji yale yale akiwa bado anakua, miguu itakaa imenyooka? Mfupa wa mtoto anayekua unaweza kupinda tena. Ili kujua ni kwa watoto gani na baada ya muda gani, lazima mtu awafuate watoto walewale nyumbani kwao mwaka hadi mwaka, akiwa na futi ya kupimia na chupa ya maji. Kwa maana hiyo upasuaji na utafiti havishindani kwa mjukuu huyu. Kuna hatari ya kulipia upasuaji mara mbili.

Waliotutangulia

Wafadhili wameuliza kama kazi ya namna hii imewahi kuzaa matunda mahali pengine. Mfano wa kwanza unatoka India. Mwaka 1937 daktari H. E. Shortt, aliyekuwa mkurugenzi wa King Institute huko Madras, aliandika na wenzake habari za wanakijiji wa wilaya ya Nellore ambao migongo yao ilikuwa imekuwa kama mbao, wakaonyesha kuwa chanzo kilikuwa floraidi katika visima vyao. Taasisi ile haikujengwa kwa ajili ya mifupa. Ilikuwa ya chanjo na maabara ya afya. Ilikuwa na maabara inayofanya kazi na watu wenye udadisi, na hiyo ilitosha kuanzia.

Mfano wa pili uko karibu nasi, katika Bonde la Ufa hilo hilo. Huko Wonji nchini Ethiopia kulianzishwa mashamba makubwa ya miwa katika miaka ya 1950, na wafanyakazi wakapewa maji ya visima virefu. Baada ya miaka zaidi ya kumi ya kunywa maji hayo, wafanyakazi walianza kukakamaa migongo, na wengine kupooza miguu. Daktari Redda Tekle-Haimanot na wenzake walilifuatilia jambo hilo na kuliandika kwa undani. Nia ya kuchimba visima ilikuwa njema, kama ya kwetu. Shamba lina faida moja ambayo kijiji hakina: ipo orodha ya mishahara, nayo inaonyesha nani alifika mwaka gani. Sisi itatubidi tuitengeneze orodha hiyo wenyewe.

Mfano wa tatu unahusu wanaotoa fedha. Mwaka 1965, kwa mchango wa Mathilda na Terence Kennedy, ilianzishwa London taasisi ya utafiti wa baridi yabisi iliyopewa jina la familia hiyo. Huo ni ugonjwa tofauti na wetu, ambapo kinga ya mwili hushambulia viungo vya mtu mwenyewe. Mwaka 1992 watafiti wa hapo, Ravinder Maini na Marc Feldmann, walijaribu kwa wagonjwa dawa ya kuzuia kemikali moja ya mwili inayochochea uvimbe. Wagonjwa waliokuwa hawawezi kupanda ngazi wakapata nafuu kubwa, na dawa za aina hiyo sasa zinatumika duniani kote. Hesabuni miaka: ni 27 tangu kuanzishwa. Na mwaka 2011 taasisi hiyo ikahamia Oxford, ikaacha jengo lake la London. Kazi ilihama pamoja na watu, rekodi na vifaa.

Mkaa wa mifupa

Wajumbe wengine waliuliza kama kituo kitafanya kitu kinachoonekana, kisiwe karatasi tu. Kitafanya. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Kunaiongeza, kwa kuwa maji hupungua na floraidi hubaki. Dawa ya klorini haiigusi. Kuna njia ya shabu na chokaa iliyotoka India, inayoitwa Nalgonda, lakini inahitaji kupima na kukoroga kila siku na inaacha tope la kutupwa.

Njia tunayoipenda zaidi ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, kwa joto la nyuzi 500 hivi, kisha huvunjwa vipande vidogo kama changarawe na kujazwa kwenye ndoo ya kuchujia. Kwa kuwa mfupa huivuta floraidi, mfupa wa ng'ombe aliyekwisha kufa unaichukua kabla haijafika kwa mtoto. Kule Kenya, Jimbo Katoliki la Nakuru lilianza kazi hii mwaka 1998 na kuonyesha kwamba shirika la kanisa linaweza kuifanya kwa kiwango kikubwa. Ni mafundi wa tanuri tunaowahitaji, na mafundi hao hujifunza kwa kuharibu kwanza. Joto likipungua, maji yanatoka na harufu na rangi ya mchuzi, na mama wa nyumbani ataimwaga ndoo ile siku ya kwanza na hatairudia. Joto likizidi, mkaa unapoteza nguvu ya kuvuta.

Yapo mambo mawili ya kuangalia. Moja ni imani za watu. Katika vijiji vyetu tunaishi na ndugu Waislamu, na ni haki yao kujua mifupa ni ya mnyama gani na alichinjwaje. Kamati zikubaliane nao mapema kuhusu machinjio yatakayotoa mifupa, wala zisisubiri mpaka maneno yaanze. La pili ni kwamba ndoo ya kuchujia hujaa. Baada ya muda mkaa umeshiba floraidi na maji yanapita kama yalivyoingia, tena bila ladha wala rangi ya kumwonya mtu. Bila kipimo cha mara kwa mara, familia itaamini inalindwa wakati hailindwi. Tunarudi palepale, kwenye maabara.

Jengo na gharama zake

Hapa tunatoa maoni yetu, na wajumbe wanaweza kuyapinga katika mkutano ujao. Andiko la kwanza lilikuwa na jengo la ghorofa moja lenye ukumbi. Sisi hatuoni haja ya kuanza na jengo hilo. Hospitali moja ya kanisa imekubali kutupa vyumba viwili karibu na idara yake ya eksirei. Kimoja kiwe cha maji na damu, kingine cha rejista. Tanuri lijengwe mbali na makazi, kwa sababu ya moshi. Ghorofa isubiri mpaka rejista iwe na watoto waliofuatiliwa kwa miaka mitano.

Tunajua wafadhili hupenda jengo, kwa kuwa jengo hupigwa picha na huwekewa jiwe la msingi. Lakini vituo vya namna hii havifi kwa kukosa ukuta. Hufa pale kipimio cha floraidi kinapoharibika na cha kubadilisha hakipo, pale kemikali za kupimia zinapoisha bandarini, au pale mtaalamu wa maabara aliyesomeshwa kwa miaka miwili anapopata kazi nyingine yenye mshahara wa uhakika. Kwa hiyo tunaomba nusu ya kila mchango iwekwe katika mfuko wa uendeshaji, na mfuko huo usiguswe kwa ajili ya saruji. Mfadhili anayelipa mshahara wa mwandishi wa rejista kwa miaka mitatu anajenga kituo kuliko anayetoa mabati.

Kuhusu usalama wa watu, utafiti wowote unaohusu wagonjwa hapa nchini unapaswa kupata kibali cha maadili kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na hatutampima mtoto hata mmoja kabla ya kibali hicho. Mzazi ataelezwa kwa lugha anayoielewa na anaweza kukataa bila kupoteza huduma yake. Eksirei itapigwa pale tu daktari anapoihitaji kwa matibabu, si kwa ajili ya udadisi wetu. Tunasikia tayari kwamba katika kijiji kimoja watu wanasema damu itauzwa. Tunaomba viongozi wasiyacheke maneno hayo. Waulizwe watu wanachohofia, na mtaalamu aende akawaonyeshe kijichupa chenyewe kinachukua damu kiasi gani.

Mjukuu aliyetajwa mkutanoni amekwisha kuonwa na daktari. Jambo la kwanza ambalo daktari aliuliza ni maji ya nyumbani, na familia haikuwa na jibu. Upasuaji haujapangwa mpaka kipimo kirudi. Bibi yake ameleta chupa mbili, moja ya bomba la kitongoji na nyingine ya kisima cha jirani, ambacho wanakitumia bomba linapokauka. Mwezi uliopita lilikauka siku kumi na moja.

Tunaomba kila kamati ifanye hivyo hivyo kabla ya mwisho wa robo hii. Tumieni chupa ya plastiki ya nusu lita iliyokuwa na maji ya kunywa, si ya glasi wala iliyowahi kuwa na soda. Isuuzeni mara tatu kwa maji yale yale mnayotaka kupima, kisha ijazeni na kufunga. Andikeni juu yake jina la chanzo kama wenyeji wanavyokiita, kitongoji, tarehe, na kaya zinazochota hapo, hata kwa makadirio. Kama chanzo kinatumika kiangazi tu, andikeni hivyo. Chupa zikabidhiwe kwa katibu wa kamati, nasi tutazipitia pamoja na gari la hospitali linalozunguka kliniki za vijijini.